Punje za Maharage Chini ya Kikombe

Katika mazishi ya Mwalimu Ojambo mwaka jana, mpwa wake alisimama kwenye maikrofoni akasema kwamba marehemu ndiye aliyegundua nyota iliyozimika. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa chini ya hema pamoja na walimu wengine wastaafu, miguu ya kiti changu cha plastiki ikizama polepole kwenye udongo wa Busibwabo, ambako marehemu alinunua shamba uzeeni na kuacha kuitwa mkimbizi, na nikajikuta nimekasirika kweli kweli. Nyota ile haikuzimika. Ukitazama kaskazini mwezi wa Desemba, kabla ya chakula cha jioni, utaiona katikati ya kundi lake, nzima kabisa. Nilitaka kuinuka nisahihishe, maana kusahihisha ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, lakini nilikuwa nimekwisha kupewa sahani ya wali na nyama, na sijui mtu anasahihishaje hotuba ya mazishi akiwa na sahani mkononi. Kwa hiyo nasahihisha hapa. Kilichotokea kilikuwa kidogo kuliko kugundua nyota, na kwake yeye kilikuwa kikubwa zaidi, kwa sababu kilihusu macho yake.

Habari za kwetu na jinsi nilivyosomeshwa nitaziruka; hazina tofauti na za wengine. Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya miaka ya sabini, na haukuanza Januari. Ulianza Septemba, siku nilipofika Malaba na sanduku la bati, nikiwa na miaka ishirini, nimeajiriwa kufundisha hesabu katika shule ya harambee bila kuwa nimesomea ualimu. Nilipewa chumba kwa Mama Taaka, mjane mwenye nyumba ya vyumba vinne vilivyotazamana na jiko, nyuma ya barabara ya malori. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilofungika vizuri, na ukuta uliopakwa chokaa mpaka usawa wa kichwa changu tu. Sikupata kujua kama mpakaji alikuwa mfupi au chokaa ilimwishia. Madereva waliosubiri kuvuka walikaa chini ya ukuta huo wakizungumza Kiswahili cha Mombasa na Kiganda na lugha nyingine nisizozijua, na nilijua bei ya sukari upande wa pili kabla sijajua majina ya wanafunzi wangu. Chumba cha pembeni, kile kikubwa, kilikuwa cha Mwalimu Ojambo.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mwembamba, mwenye koti moja zuri na kiko ambacho hakikutoka mdomoni ila kwa chakula. Alikuwa amefundisha fizikia Kampala, katika chuo kikuu, mpaka ilipokuwa hatari kufundisha chochote. Alivuka Busia kwenye keria ya baiskeli, amekaa upande kama akina mama waendao sokoni, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba, alivyopenda kusimulia, mlikuwa na mashati mawili na kijimrija cha shaba chenye urefu wa kidole. Kiswahili chake cha kwanza alikipata kwa wanajeshi, kwa hiyo mwanzoni alijua kuamrisha tu. Kilichobaki alifundishwa na Mama Taaka pale jikoni. Hakuwa na ndugu upande huu wa mpaka, wala shamba, wala karatasi za kudumu. Alikuwa na kazi ya darasani na ule mrija, na vyote viwili vilihitaji macho.

Mrija ule ulikuwa na prizimu ndani yake. Ukiuweka penye jicho la darubini, nyota haiwi tena nukta; inavutwa na kuwa ukanda mwembamba wa rangi, nyekundu upande huu na zambarau upande ule. Darubini ilikuwa mali ya shule. Iliachwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya, bomba refu la mbao lenye kioo kikubwa chini yake, na kabla ya Ojambo kufika, mlinzi alikuwa akihifadhi mahindi ndani ya bomba hilo. Ojambo aliyamwaga mahindi, akaosha kioo, akaomba ruhusa ya kuihamishia uani kwa Mama Taaka ambako kaskazini kulikuwa wazi. Alinieleza kwamba nyota nyingi ukanda wao una mistari ya giza. Zipo chache, zenye joto kali mno, zinazozunguka kwa kasi mpaka gesi inazitoka kiunoni na kuzizingira, na gesi hiyo inang'aa yenyewe. Hizo, mahali ambapo nyingine zina giza, zina mstari unaong'aa. Yeye alikuwa amezifuata nyota za namna hiyo tangu ujana wake, na mojawapo kuliko zote, ile ya kati katika kundi liitwalo Kasiopea. Vitabu vyake vilisema kundi hilo lina umbo la W. Kwetu, karibu na ikweta, linapopanda juu kaskazini ni M, na Ojambo alikuwa amefuta W zote katika kitabu chake. Mstari wa nyota hiyo ni mwekundu, uko mbali kabisa ukingoni. Alipokuwa mtoto, uliwahi kufifia hata ukatoweka, kisha baada ya miaka ukarudi. Hakuna ajuaye utatoweka tena lini. Yeye alitaka awepo siku hiyo, na kila aliposema hivyo alisema kama mtu anayesubiri gari ambalo lazima lije.

Kanuni yake ya kazi ilikuwa moja, na hakuiregeza hata siku moja. Watu wawili wanaotazama hawaambiani wanachokiona. Mtu akiambiwa kuna mstari, alisema, atauona hata kwenye ukuta. Kwa hiyo kila mmoja alipewa kikombe cha bati, na kati yetu lilikaa kopo la maharage makavu ya Mama Taaka. Ukishatazama, unachukua punje kulingana na nguvu ya mstari, tano ukiwa mkali, hata moja usichukue kama haupo, unaziweka kwenye kisahani na kuzifunika kwa kikombe. Mwenzako anafanya vivyo hivyo. Kisha vikombe vinainuliwa pamoja na punje zinahesabiwa kwa vidole, bila kuwasha taa. Mama Taaka alituona wehu. "Watu wazima na elimu yao," alimwambia jirani nikiwa nasikia, "wanacheza na maharage yangu kwa giza. Na hawapiki."

Jioni ya kwanza nilitazama muda mrefu nisione kitu zaidi ya utepe wa rangi unaotetemeka. Ojambo hakunisaidia, alivuta kiko chake kimya. Halafu ukingoni, pale wekundu ulipokuwa umekwisha kuzama kwenye giza, nikaona kistari kimesimama peke yake, chekundu sana, kimetulia. Nikahisi furaha ambayo sikuwa nimeihisi tangu nimalize shule, furaha ya kuonyeshwa kitu ambacho hakikuhitaji chochote kutoka kwangu. Niliweka punje tatu. Alipoinua vikombe, na yeye alikuwa na tatu. "Sawa, nnyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda cha heshima. "Sasa tuko wawili." Nimepewa vyeti kadhaa tangu wakati huo na hakuna hata kimoja kilichonipendeza kama neno lile.

Mvua za vuli zilitunyang'anya jioni nyingi. Mawingu yalipanda kutoka upande wa ziwa mchana, yakanyesha, na mara nyingine yakaondoka kabla ya jioni na kutuachia anga iliyooshwa. Tulitazama kila tulipoweza. Mwezi wa Novemba vikombe vilianza kutofautiana. Mimi niliweka tatu, yeye mbili. Nikadhani nimezidisha. Jioni iliyofuata tena tatu, tena mbili. Desemba yeye akawa na moja, na mimi bado tatu. Shule ilifungwa na sikwenda nyumbani. Niliwaandikia kwamba nina kazi, jambo lililokuwa kweli. Ojambo hakukasirikia punje zangu. Alizipapasa gizani, akacheka kidogo. "Wewe unaona unachokikumbuka," alisema. "Ni kawaida ya mtu mpya. Jicho linapenda mazoea. Usibadilishe kitu, weka unachoona, lakini mimi nakwambia huu mstari unakwenda." Sijapata kumwona mtu mwenye furaha kama yeye mwezi ule. Alinyoa kila siku. Aliwaambia walimu waliobaki mjini kwamba nyota inabadilika na kwamba Malaba itajulikana, na nina hakika hotuba ya mpwa wake ilizaliwa siku hizo, katika chumba cha walimu, juu ya chai iliyopoa.

Na mimi nilikuwa kwenye nafasi ambayo siitakii mtu. Mstari ulikuwapo. Niliuona kila jioni, mwekundu na umetulia. Lakini yeye alikuwa na miaka ishirini ya kutazama na mimi nilikuwa na majuma machache, na maneno yake yalikuwa ya kweli kabisa kuhusu jicho na mazoea. Nilijaribu kutouona. Nilikaa penye darubini nikijiambia haupo, haupo, na ukabaki pale pale. Zipo jioni nilizoshika punje ya tatu kati ya vidole kwa muda, nikafikiria jinsi atakavyofurahi nikiirudisha kwenye kopo. Sikuirudisha, na si kwa ujasiri. Niliogopa tu kwamba ataisikia ikianguka.

Mambo ya mezani ndiyo yaliyonifungua macho, tena si mara moja. Tulikula pamoja, sisi wapangaji, kwenye meza ndefu karibu na jiko: ugali wa wimbi na muhogo, samaki wa Budalang'i aliyekaushwa, mboga za kunde zilizotiwa maziwa, na Jumapili kuku. Ojambo alikuwa akila kidogo na kidogo zaidi. Mbele yake palikaa chupa ya waragi, pombe kali iliyoletwa kutoka upande wa pili na mwenye baiskeli aliyefika kila wiki na mtungi umefunikwa kwa magunia. Hakulewa akapiga kelele hata siku moja. Alikunywa kama wengine wanavyokunywa maji, akavuta kiko, akazungumza juu ya gesi. "Mwalimu, kula basi," Mama Taaka alimwambia. "Hii samaki imefika leo leo. Ama unangoja nikutafunie?" Yeye akajibu kwamba ameshiba. "Umeshiba moshi," alisema Mama Taaka, na akaondoa sahani yake kwa hasira huku akiongea Kisamia peke yake njia nzima mpaka jikoni.

Kisha kulikuwa na kalamu. Ojambo alisahihisha daftari kwa kalamu nyekundu, kama sisi sote, na tangu Novemba alilalamika kwamba kalamu za siku hizi hazina wino. Alizikandamiza kwenye karatasi mpaka zikaitoboa. Wanafunzi walionyeshana daftari zao, wakisema Mwalimu wa fizikia siku hizi anasahihisha kwa jembe. Jumamosi moja mnamo mwanzo wa Januari tulikwenda naye Busia, na akanipeleka dukani kwa Mzee Swaleh, mfanyabiashara aliyemuuzia kila kitu tangu siku alipovuka: sabuni, vitabu, kalamu, tumbaku ya kiko. Duka lilinukia mafuta ya taa na karafuu. Mzee Swaleh alikuwa amevaa kofia yake ya kazi na miwani chini ya pua. Ojambo alimwekea kalamu tano juu ya meza, moja moja.

"Mzee, hizi mbovu. Nipatie zenye wino."

Mzee Swaleh alichukua moja, akachora kwenye karatasi ya kufungia sukari. Akachukua ya pili, akachora. Alichora zote tano, mistari mitano mizuri, akaigeuza karatasi kumwelekea mwenye nazo.

"Hii ni nini, mwalimu?"

"Ndiyo nakwambia. Angalia ilivyofifia."

Mzee Swaleh alinitazama juu ya miwani yake. Alinyanyua sanduku jingine kutoka rafuni, akampa Ojambo kalamu mpya, akakataa kulipwa. Tulipokuwa tunatoka alinigusa kiwiko. "Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hizo nimempa ni za sanduku moja na zile. Huyu rafiki yako, muangalie." Nilitazama karatasi iliyobaki mezani. Mistari mitano ilikuwa myekundu mpaka inaumiza jicho.

Tulipanda gari la kurudi Malaba, Ojambo akakaa dirishani. Alikuwa anafikiria barua atakayomwandikia mtaalamu mmoja wa nje aliyemfahamu zamani, kumwarifu kwamba mstari umekwisha, maana tangu mwaka mpya uanze hakuwa ameweka hata punje moja. Angeituma Jumatatu. Niliogopa kwa namna mbili. Niliogopa kwamba ataaibika mbele ya watu ambao heshima yao ndiyo mali pekee iliyokuwa imebaki kwake. Na niliogopa zaidi, tena sana, kwa kuwa nilikuwa nimeelewa kwamba kinachozimika si mstari, na kwamba mtu huyu akipoteza macho hapa Malaba hakuna mtu wa kumshika mkono isipokuwa mimi na mwenye nyumba. Ningeweza kumwambia kwa mdomo. Lakini nilijua jibu lake: mwambie mtu kuna kitu, atakiona. Alikuwa amejifungia ndani ya kanuni yake mwenyewe, na nikaona kwamba njia pekee ya kumfikia ilikuwa kuingia humo humo.

Barabarani, mkabala na uwanja wa malori, palikuwa na baa yenye jenereta yake na taa ya neoni, ile ya mirija myekundu iliyopindwa kuwa herufi. Nyingi zilikuwa zimeungua. Iliyobaki ikiwaka vizuri ni herufi moja iliyonyooka wima. Ojambo mwenyewe ndiye aliyenifundisha, mwezi wa Oktoba, kwamba neoni ina mistari mingi, ya manjano, ya rangi ya chungwa na mwishoni myekundu mitupu, na kwamba taa, tofauti na nyota, haibadiliki. Tulikuwa tukiitumia kukagua mrija kabla ya kazi, kisha tukazoea tukaacha. Jumapili ile, jua likiwa limetoka tu kuzama na baa ikiwa imewasha jenereta, nilileta visahani na vikombe uani.

"Kabla ya nyota," nilisema, "tukague mrija kwa taa ya baa. Tuhesabu mistari yote. Kwa punje."

"Mrija hauna shida," alisema.

"Basi haitachukua muda."

Alikuwa mtu wa haki. Kama ombi lilikuwa la kazi hakulikataa. Nilitangulia kutazama. Mistari ilisimama imepangana, na ile myekundu ilikuwa mingi, imesongamana upande wa ukingoni. Niliweka punje tisa na nikafunika, na kikombe kilikaa juu ya rundo vibaya kidogo. Yeye akatazama. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akauondoa mrija, akaufuta kwa shati, akatazama tena. Nilisikia punje zake zikigusa kisahani. Moja. Mbili. Tatu. Kisha kikombe kikafunika.

Akainua vikombe. Bado kulikuwa na mwanga wa kutosha kuona bila kupapasa, na hilo nalijutia mpaka leo, kwa kuwa niliuona uso wake. Alizitazama zangu, akazitazama zake. Hakuniambia nimekumbuka wala nimezoea. Taa ya baa ilikuwa ikiwaka vile vile upande wa pili wa barabara, na watu walikuwa wakiingia chini yake wakicheka. Alikaa juu ya kigoda cha Mama Taaka, akakitoa kiko mdomoni.

"Basi nyota haijambo," alisema.

Nilianza kuzirudisha punje kwenye kopo.

"Haijambo," alirudia. "Ni mimi."

Mama Taaka alitoka jikoni na mwiko mkononi akatukuta tumekaa hivyo. Nilimweleza kwa maneno machache. Nilidhani atalia au atapiga kelele, lakini aliketi chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kabla chakula hakijaiva. "Kumbe ndiyo maana," alisema. "Juzi niliweka pilipili nyekundu juu ya mboga yake, mzima, ili aone aondoe. Akaila. Nikasema huyu ananionyesha madharau." Ojambo akacheka, na kicheko hicho kikageuka kilio, na mwenye nyumba akamshika bega akamwacha amalize. Barua haikutumwa. Sikujua ilikokwenda.

Daktari wa macho alikuwa akifika Busia mara moja kwa mwezi, na tulimngoja kwenye benchi pamoja na wazee wenye mtoto wa jicho. Mama Taaka alikuja nasi, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimulika, akamwonyesha vitambaa vya rangi, akamwonyesha herufi ndogo na kubwa, akaweka taa chini.

"Jicho lenyewe ni zima. Shida iko nyuma, kwa mshipa. Unavuta?"

"Kiko."

"Unakunywa?"

"Kidogo."

"Daktari," alisema Mama Taaka, "kidogo yake ni chupa."

Daktari aliandika. Alisema ameona wengi wa namna hiyo hapa mpakani, watu wa waragi na tumbaku wasiokula. Nyekundu ndiyo inayotangulia kwenda, alisema, halafu maandishi, halafu nyuso. "Ukiacha vyote viwili leo, si kesho, pengine itarudi. Pengine yote, pengine kidogo. Ukiendelea, huyu dada hapa hutamjua ila kwa sauti." Akamwandikia sindano za vitamini, akamwambia ale maini, mayai na mboga. Ojambo aliuliza swali moja tu: itachukua muda gani kujua. Miezi, alijibiwa.

Miezi ile naikumbuka kwa vyakula. Mama Taaka alimlisha kana kwamba anadaiwa. Maini yaliingia nyumbani, na mayai, na mrenda, na majani mengine ambayo mimi sikuwahi kuyala hata kwetu. Mwenye baiskeli alipofika na mtungi wake, alimkuta mama huyo mlangoni, na sauti niliyoisikia kupitia dirisha langu bovu ilitosha kumfanya asipite tena njia yetu. Kiko kilifungiwa kwenye sanduku la unga. Ojambo alitetemeka mikono kwa majuma, akawa mkali, akanitukana mara moja kwa Kiingereza safi kwa sababu nilisogeza kiti chake. Darasani aliandika ubaoni kwa herufi kubwa, na daftari zake nilisahihisha mimi, jioni, akinieleza kila jibu lilivyotakiwa kuwa. Tuliacha kutazama. Nyota yenyewe ilikuwa imeshuka upande wa magharibi na kufunikwa na jua. Ingekuwa bure hata kwa mtu mwenye macho. Watu wameniuliza kama nilimpenda. Nilimpenda, lakini si kwa namna wanayoiuliza. Nilitaka tu aone, na nilitaka hivyo kila siku, asubuhi nikiamka na jioni nikilala, na sijapata tena kutaka kitu cha mtu mwingine kwa nguvu hiyo.

Oktoba ile M ya Kasiopea ilirudi, imelala kwa ubavu kaskazini-mashariki, kisha ikapanda. Ojambo hakuitaja. Mimi ndiye niliyetoa darubini, na siku anga ilipotulia baada ya mvua nikaweka visahani viwili, vikombe viwili na kopo. Mama Taaka alikuwa akichambua mboga mlangoni mwa jiko kwa mwanga wa makaa. Nilitazama kwanza. Mstari ulikuwapo. Niliweka zangu nikafunika, nikampisha.

Alikaa hapo muda mrefu. Nilisikia pumzi yake, ambayo haikuwa na harufu ya tumbaku tena. Alikwenda kwenye kisahani chake akarudi penye darubini, akaenda tena. Mwishowe nikasikia kikombe kikigusa kisahani.

Hapo ndipo nilipofikiria jambo ambalo lingepaswa kunijia mapema. Alikuwa akijua ninachoweka. Msimu wote uliopita nilikuwa nimeweka tatu, jioni baada ya jioni, na hakuna kanuni ambayo ingemficha idadi hiyo. Kama alitaka kunifurahisha, au kumfurahisha yule mama aliyemlisha, au kujidanganya yeye mwenyewe, alikuwa na kazi ya kuhesabu mpaka tatu tu. Nilikaa gizani nikiwa nimeshika magoti, nikitamani zisiwe tatu.

Akainua changu, akapapasa. "Tatu," alisema. Akainua chake, akaushika mkono wangu, akauweka kwenye kisahani. Vidole vyangu vilizunguka bati baridi, vikatafuta, vikakuta punje moja.

Mama Taaka alikuwa ameacha kuchambua mboga. "Ngapi leo, mwalimu?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Moja," Ojambo alijibu. "Lakini ni yangu."